Habari za Rastko Gligić na Msalaba Uliozama Kabla ya Wakati Wake

Enyi mliokaa na mliosimama, enyi mnaokunywa kahawa ya tatu mkijidai kwamba ni ya kwanza, tegeni masikio, maana nataka kusimulia vita. Watungaji wa kale walipoanza kazi yao waliomba wino na karatasi. Mimi nileteeni ndoo na fagio, kwa kuwa ndivyo nilivyovishika mwaka wa thelathini na moja sasa, na yote makuu niliyoyaona duniani nimeyaona nikiwa nimeinama. Naitwa Stamena. Nafagia, napiga deki, nawapikia walimu kahawa, na kidole changu hiki ndicho kibonyezacho kengele ya sekondari yetu kando ya mto Morava, kengele ambayo bila idhini yake hakuna somo lianzalo wala likomalo. Wakuu saba wa shule wamepita, mimi nipo. Basi msiniulize nimeyajuaje nitakayoyasema. Nilikuwepo, na kosa lilikuwa langu.

Namsifu Rastko, mwana wa Gordana, Rastko mwenye viatu namba arobaini na sita, mvunja milango bila kukusudia, ngome ya timu ya mpira wa mikono, kijana wa miaka kumi na sita ambaye hakuna kona ya shule hii asiyoigonga kwa bega. Alikuwa mpole kiasi kwamba akiigonga meza, huiomba radhi. Lakini katika somo la kemia shujaa huyu alikuwa ametekwa. Kwetu alama huanzia moja na kuishia tano: tano ni ya malaika, mbili ni ya kuponea chupuchupu, na moja ni kaburi. Rastko alikuwa na moja nne, zimesimama mfululizo katika daftari la alama mfano wa mikuki.

Amalizaye mwaka na moja hurudia mtihani wiki ya tatu ya Agosti. Na Agosti, jamaa zangu, ndiyo iliyokuwa roho ya kijana huyu. Mama yake yuko Linz, huko Austria, anamlea bibi kizee wa watu, anamwosha na kumlisha, na hawajaonana uso kwa uso tangu Krismasi yetu ya Januari. Mwezi huo mmoja tu ndio wenye nyumba waliokubali kijana aje, alale kwenye chumba kidogo cha nyuma. Aliniambia mwenyewe siku moja alipokuwa akinisaidia kupandisha viti juu ya meza. "Shangazi Stamena," alisema, "nikifeli kemia, siendi." Akapandisha kiti kingine, kikaanguka, akakiomba radhi. Nami nikajifanya nakohoa, nikaendelea kufagia mahali palipokuwa safi.

Sasa mjueni adui. Mwalimu Vukosava Prodić, Mshika-Daftari, Mama wa Chupa, mwenye kalamu ya buluu isiyorudi nyuma, alifundisha kemia miaka ishirini na miwili, na huruma yake aliifungia kabatini pamoja na asidi. Kwa elimu hakuwa na mpinzani toka chanzo cha mto hadi mwisho wake. Ila elimu ile iliishia shingoni. Kuanzia shingo kwenda chini, Mwalimu Vukosava aliamini tunayoyaamini sote: kwamba mtu hafi kwa risasi wala kwa uzee, bali kwa upepo wa kupenya, ule uingiao dirishani na kutokea mlangoni, ukampinda mtu shingo na kumgandisha figo akiwa angali anacheka. Kwa hiyo Juni yote, watu wakitokwa jasho, yeye alivaa skafu ya sufi. Nami sitamcheka, maana ya kwangu ilikuwa mfukoni.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya mwisho ya kemia kabla ya alama kufungwa. Asubuhi na mapema Mwalimu alikuwa ametayarisha chupa ya kioevu, jina lake refu kuliko treni, thiosulfeti ya sodiamu, akaiweka dirishani, akaenda zake. Nilipoingia na ndoo, niliona jambo lililonisimamisha nywele. Madirisha wazi, mlango wazi, upepo unapita katikati kama uko kwao, na chupa ile maskini imesimama papo hapo kwenye njia yake, peke yake, shingo nje. Cheko lenu nalisikia, chekeni tu. Nilifunga madirisha, nikaichukua chupa, nikaipeleka kwenye kijumba changu chini ya ngazi, nikaiweka ubavuni mwa jiko la umeme ambapo mdila wa kahawa ya walimu kumi na mmoja ulikuwa ukichemka. Sikumwambia mtu. Wema hautangazwi.

Kabla ya kengele ya saa nne Rastko alipita mbele ya kijumba changu, uso umemshuka. "Unakwenda?" nikamwuliza.

"Nakwenda, Shangazi. Nisipotoka, uniombee."

"Pita, usigeuke nyuma."

Maana kwetu aendaye kwenye mtihani humwagiwa maji nyuma yake, ili mambo yake yateleze mbele kama maji. Wengine humwaga kikombe. Mimi nilimwaga ndoo. Mwalimu wa jiografia aliyefuata nyuma aliteleza hadi kwenye sanamu ya mkuu wa kwanza wa shule, akatamka maneno ambayo hayamo katika ramani yoyote. Husemwa maji yakimwagika hayazoleki. Aliyesema hivyo hakuwahi kupewa tambara. Nikayazoa, nikaibonyeza kengele, na vita vikawa vimetangazwa.

Nusu saa baadaye nilikuwa nampelekea Mwalimu Vukosava kahawa yake nilipoikumbuka chupa. Nikaiweka kwenye sinia chini ya kitambaa, nikaingia darasani nikiuacha mlango wazi nyuma yangu, na hakuna aliyeniona nikiirudisha dirishani, kwa kuwa macho yote thelathini na mawili yalikuwa kwenye kidole. Kidole cha Vukosava kilikuwa kinashuka kwenye daftari, jina hadi jina. Wenye nguvu walitazama viatu vyao. Mmoja alijifanya anatafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Kidole kikafika herufi ya G, kikakaa.

"Gligić."

"Nipo, Mwalimu."

"Kwamba upo naona, umeziba ubao mzima. Nauliza kama umekuja na kichwa."

"Nimekuja nacho, Mwalimu. Ila huwa kinachelewa kuamka."

Darasa likacheka. Vukosava hakucheka. Alisimama, akaweka juu ya meza karatasi yenye msalaba mweusi uliochorwa kwa wino, juu ya karatasi akaweka glasi, ndani ya glasi akapima kioevu kutoka kwenye chupa yangu niliyoiokoa, akiishika kwa shingo na glavu zake nene za mpira, kisha akanyoosha mkono na kuhutubu.

"Gligić! Mwaka mzima umepita kwenye kemia kama ng'ombe aliyepotelea sokoni, unagonga meza hii na ile na hujanunua kitu. Leo nakupa mlango mmoja. Mimina asidi hii. Kioevu kitatibuka, na msalaba utazama usionekane tena. Kwa vipimo hivi, mwaka wa ishirini na mbili huu, huzama kwa sekunde sitini, si hamsini, si sabini. Wewe utanieleza kwa nini sitini. Chembe ziko pamoja ndani ya glasi moja, kwa nini zisimalizane papo hapo? Ukijua, nakuandikia mbili ya mwaka mzima, uende ukaendelee kuvunja milango. Usipojua, tutaonana Agosti."

Agosti! Neno lile lilimpiga kijana kifuani, nikaona bega lake moja likishuka. Mbele yake aliketi Teodora, binti wa mwenye duka la dawa, mwenye tano kumi na tatu, aliyepewa kazi ya kupima muda kwa simu yake. Rastko akaishika asidi kwa ile mikono yake iliyozoea kushika mpira, akamimina.

Hapo majeshi mawili yakashuka kwenye bonde la kioo, upande huu thiosulfeti isiyohesabika, upande ule asidi, kali tangu kuzaliwa kwake, yakavamiana bila ngoma wala tarumbeta. Kioevu kikapauka. Kikageuka maziwa yaliyotiwa manjano. Harufu ya kiberiti ikapanda, vijana wakaziba pua, na msalaba ukaanza kufifia mguu kwanza, kisha mikono, kisha kichwa, ukazama.

"Ishirini na tisa," akasema Teodora.

Mwalimu Vukosava akaitazama glasi, akaitazama simu, akamtazama Rastko kuanzia viatu kwenda juu, safari ndefu.

"Umezidisha asidi."

"Haki ya Mungu sijazidisha, Mwalimu. Nimemimina ile uliyonipimia mwenyewe."

"Basi umeichezea chupa yangu. Miaka ishirini na miwili ni sitini, leo kwako ishirini na tisa? Unadhani kemia ni mbio za magunia?" Na kalamu ya buluu ikainuka.

Mwingine angelia, mwingine angeapa kwa kaburi la babu yake. Rastko aliinyanyua glasi. Aliizungushia kiganja chote, akakaa nayo hivyo, na uso wake ukafanya kitu ambacho kwa mwaka mzima sikukiona ukifanya ndani ya chumba kile. Ulifikiri.

"Mwalimu, kina joto," akasema. "Shika."

Vukosava akavua glavu, akashika. Nyusi zake zikapanda, zikashuka. "Haiwezekani. Chupa iko dirishani tangu saa moja asubuhi, kwenye ubaridi. Haipati joto yenyewe. Nani kaipasha?"

Rastko akaichukua chupa, akaigeuza. Kwenye karatasi ya jina kulikuwa na tone la kahawa lililokauka, tone dogo kama dengu. Akaliona. Akainua macho, akanitazama mimi niliyekuwa nafuta rafu iliyokwisha futwa mara tano. Nikajua amejua.

"Taja aliyeipasha," alisema Vukosava, "au ni wewe, na udanganyifu ni moja, na moja ni Agosti."

Enyi wasikilizaji, mmewahi kusikia habari za mashujaa waliobeba malango ya miji mabegani? Sikieni aliyeubeba mwezi mzima wa Agosti. Kijana yule alikuwa na jina langu mdomoni, nami najua lilikuwepo. Akaangalia chini. "Sijui, Mwalimu," akasema.

Kalamu ikagusa karatasi. Na mimi, ambaye kwa miaka thelathini na moja sijatamka darasani neno lolote zaidi ya "inueni miguu," nikalitupa sinia chini, likalia kama mzinga.

"Mwalimu Vukosava! Weka kalamu. Aliyeipasha ni mimi, Stamena, mfagiaji wenu. Niliiona imesimama kwenye upepo wa kupenya, nikaionea huruma, nikaipeleka karibu na jiko. Ukitaka kuandika moja, niandikie mimi. Sina mahali pa kwenda Agosti."

Darasa likavunjika mbavu. Vukosava mwenyewe akawa mwekundu hadi kwenye skafu. "Chupa, Stamena! Umeificha chupa upepo! Kwani chupa ina figo? Ina shingo ya kupinda? Mimi nafundisha sayansi humu ndani, na chini ya ngazi kuna—"

Hakumaliza. Kijana mmoja wa nyuma, aliyechoshwa na harufu ya kiberiti, alikuwa amefungua dirisha, na mlango nilikuwa nimeuacha wazi mimi. Upepo ukapenya. Karatasi zikaruka. Mwalimu Vukosava, bingwa wa elimu toka chanzo cha mto hadi mwisho wake, akajikamata shingo kwa mikono miwili.

"Funga hilo dirisha!" akapiga kelele. "Mnataka kuniua?"

Dirisha likafungwa. Watu wote wakamtazama Mwalimu, kisha wakaitazama chupa, kisha Mwalimu tena. Hakuna aliyethubutu. Aliyeanza kucheka, mtashangaa, ni Teodora mwenye tano kumi na tatu, kicheko kidogo kilichomponyoka puani, na Vukosava akaitengeneza skafu yake polepole sana, akatoa kipimajoto, akakitumbukiza kwenye chupa.

"Thelathini na mbili," akasema kwa sauti nyingine. "Na chumba ni ishirini na moja. Haya, Gligić. Tuseme ni joto. Joto limefanya nini humo ndani? Kengele inalia baada ya dakika moja, na ikilia nafunga daftari."

Nikaitazama saa ya ukutani. Kweli, dakika moja. Nikakitazama kidole changu, kiko hapa darasani, kimeshika tambara. Nikakaa kwenye kiti.

Rastko akakuna kichwa. "Mwalimu, niseme kwa lugha yangu?"

"Sema hata kwa lugha ya ng'ombe."

"Tuseme mapumziko makubwa. Sote tuko pale dirishani kwa Mzee Ilija mwoka mikate, tunataka bureki ya jibini. Watu mia tatu, tunagongana. Ukimgonga mtu pole pole, anakwambia samahani, unamwambia samahani, kila mtu anarudi kwake, bureki hakuna. Ukija na nguvu zote lakini umegeuza mgongo, unapigwa kiwiko, bureki hakuna vilevile. Lazima uje na nguvu ya kutosha, na uso uangalie dirisha, mkono mbele. Ndiyo maana inachukua sekunde sitini. Wanaogongana ni wengi, Mwalimu. Wanaopata bureki ni wachache."

"Na joto?"

Saa ya ukutani ilikuwa imepita dakika mbili. Chumba cha jirani watu walianza kuburuta viti, kisha kunung'unika. Ghorofa ya chini mtu aliita, "Stamena! Kengele!" Mimi nilikuwa kiziwi.

"Joto ni pale Mzee Ilija anaposema zimebaki tano," alisema Rastko. "Kila mtu anakimbia. Tunagongana mara nyingi zaidi, sawa, lakini hilo dogo. Kubwa ni kwamba hata wale wapole, wa samahani samahani, sasa wana nguvu ya kufika dirishani. Kizingiti ni kile kile, ila wanaoweza kukivuka wamekuwa wengi. Kwa hiyo msalaba umezama haraka. Sikuzidisha asidi, Mwalimu. Shangazi Stamena ndiye aliyesema zimebaki tano."

Mwalimu Vukosava aliketi. Sijawahi kumwona akiketi katikati ya somo.

"Hilo la pili," alisema, "kwamba kubwa si wingi wa migongano bali wanaovuka kizingiti, mwaka huu hakuna aliyenijibu hivyo. Hata Teodora. Nani kakufundisha?"

"Wewe, Mwalimu."

"Lini?"

"Ulinigonga nalo mara nne. Ila nilikuwa nimegeuza mgongo."

Nimeona harusi, nimeona misiba, nimeona mafuriko yakiingia hadi ghorofa ya kwanza, lakini sijaona kitu cha kutazamwa kama mdomo wa Vukosava Prodić ukijizuia usitabasamu na kushindwa. Akaivuta kalamu ya buluu. Pembeni mwa mikuki minne akachora ya tano, lakini hii aliipinda shingo, akailaza mkia: mbili. Ndogo, nyembamba, ya buluu. Nilisimama nyuma yake nikaiona kwa macho yangu haya.

"Stamena," akasema bila kugeuka, "mbona kengele haijalia?"

"Itakuwa imeharibika, Mwalimu."

"Imeharibikia kwenye kidole. Nenda ukaitengeneze."

Somo lile lilichukua dakika hamsini na mbili badala ya arobaini na tano, na shule nzima ilichelewa bureki. Mwalimu wa jiografia anadai hadi leo kwamba kiuno chake hakijapona. Mkuu wa shule aliniandikia barua ya onyo. Nimeitia fremu.

Rastko alisimama kwenye ngazi, juu ya kijumba changu, akapiga simu Linz. Nilisikia upande wake wote na upande wa pili pia, maana Gordana tangu utotoni hana sauti ndogo.

"Mama? Mbili."

"Mbili nini?"

"Kemia. Mbili."

Kisha ukasikika ukelele, na nyuma ya ukelele sauti ya bibi kizee ikiuliza kwa Kijerumani kama nyumba inaungua. "Mwanangu kapata mbili!" Gordana alimjibu kwa Kiserbia, ambacho bibi yule hakijui, akarudia, akarudia tena. Rastko aliweka paji la uso ukutani, akakaa hivyo na simu sikioni. Mimi nikaenda kuzoa maji ambayo hayakuwepo.

Yaandikwe basi kwamba mwaka ule wafalme walifanya yao na mabunge yalifanya yao, na Rastko mwana wa Gordana alipata mbili. Agosti ilipofika nilimwaga ndoo nzima nyuma ya basi, abiria wawili wakaloa, na kijana alipokuwa akipanda aliugonga mlango kwa bega, akauomba radhi. Gordana alinipigia simu usiku uliofuata. Alisema kwamba pale kituoni Linz hakusalimiwa wala hakukumbatiwa, bali aligongwa: kwa nguvu zote, na uso kwa uso.